Kabla ya kuweka spesa, pimeni gari likiwa na mzigo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme neno kuhusu magari madogo yanayogonga chini. Kila baada ya masika suala hili hurudi vijiweni, na ushauri unaotolewa huwa ni wa aina mbili: uza hilo gari ununue la juu, au nenda kaweke spesa, vile vipande vinavyopachikwa juu ya shokapu au kwenye springi ili gari linyanyuke. Anayeshauri, mara nyingi, hajainama kutazama ni wapi hasa gari hilo linagonga, na bila kujua hilo mwenye gari anaweza kutumia fedha nyingi na bado tuta la mtaani kwake likaendelea kukwangua sakafu.

Linalowapoteza watu kwanza ni kile kipimo kilichoandikwa kwenye tangazo la muuzaji. Magari mengi tunayoendesha yametumika Japani, na huko uwazi wa chini hupimwa gari likiwa tupu: oili, maji na mafuta yamo, ila hakuna abiria wala mzigo, springi mpya, tairi mpya. Unapimwa kutoka ardhini hadi sehemu ngumu iliyo chini kuliko zote. Kanuni za usalama za Japani zinataka tu uwazi huo usipungue sentimita 9, na kwa barabara zao zinatosha. Kwa kukadiria, Toyota IST ya toleo la kwanza iko karibu na milimita 150, Subaru Forester ya 2008 hadi 2012 inazidi 200, na Prado iko kwenye 220 hivi.

Sasa tuchukue hiyo IST tuipeleke mtaani. Springi zimebeba gari kwa miaka zaidi ya 15, tuseme zimelala milimita 10, na hapo tumezionea huruma. Kashata za tairi, yaani meno yake, zimelika, toa 5. Zimebaki 135, na gari bado ni tupu. Wakipanda watu wazima watano, na kwenye buti kuna gunia la mchele na madumu ya maji, nyuma inashuka milimita 40 hadi 60 na mbele inashuka kama 15. Katikati ya gari, ambako ndiko kunakopita juu ya tuta, umepoteza kama 30. Aliyenunua gari la milimita 150 anaendesha gari la milimita 105 au pungufu. Ndiyo maana utamsikia mtu akilalamika kwamba akiwa peke yake gari halina tatizo, akipakia familia linalia kila tuta.

Kupima si kazi ya fundi. Tafuta sakafu iliyonyooka, ile ya kituo cha mafuta inafaa. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, pakia watu na mzigo wa kawaida, kisha pitisha chini ya gari vipande vya mbao vya kimo cha sentimita 10, 12 na 15. Vipitishe sehemu nne: chini ya ukingo wa bampa la mbele, kati ya tairi za mbele, katikati ya milango, na kati ya tairi za nyuma. Pima pia kutoka katikati ya kila rimu hadi ukingo wa fenda juu yake. Kama kushoto na kulia vinatofautiana kwa zaidi ya milimita 15, kuna springi iliyokufa au iliyokatika. Hapo hatuzungumzii tena gari la chini, tunazungumzia gari bovu.

Halafu tazama michubuko. Chuma kilichokwanguliwa karibuni kinang'aa. Kama kinang'aa katikati, kwenye bomba la egzosi au kwenye mikunjo ya bati chini ya milango, tatizo ni tuta na urefu wa gari. Michubuko ikiwa kwenye bampa na sampu (bakuli la oili chini ya injini), mara nyingi tatizo ni mwendo na breki. Ikiwa nyuma, kwenye mafla au mhimili, ni mzigo au springi za nyuma.

Hilo la urefu wa gari halizungumzwi kabisa. Magari mawili yenye uwazi ule ule hayapiti tuta sawasawa. IST ina milimita 2,370 kati ya tairi la mbele na la nyuma. Crown na Mark X zina 2,850. Kwa uwazi wa milimita 150, IST inaweza kupanda mgongo wenye pembe ya nyuzi 14 na kitu bila tumbo kugusa, wakati gari la milimita 2,850 linaishia nyuzi 12. Forester yenye nafasi ya milimita 2,615 na uwazi wa 200 inafika nyuzi 17. Kwa hiyo mwenye Crown asishangae kuona IST ya jirani inapita mahali yeye anapokwama, ingawa ukizitazama kwa macho zinaonekana sawa.

Na tuta nalo lina hesabu yake, ambayo tungependa isomwe na kila serikali ya mtaa na kila kamati ya barabara. Tuta likiwa fupi kuliko nafasi ya kati ya tairi, gari linafika mahali tairi zote nne ziko chini na tuta limebaki tumboni. Hapo kimo chote cha tuta kinaliwa. Tuta la zege la upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 12, kama yalivyo mengi ya mitaani, linadai milimita 120 kamili, na ile IST yetu iliyopakia ina 105. Haiwezi kupita bila kugusa, hata ikitambaa.

Linganisha na tuta la mviringo lililobuniwa Uingereza miaka ya 1970, ambalo nchi nyingi zimeliiga: urefu wa mita 3.7 kufuata barabara, kimo cha sentimita 10 katikati. Tairi zote nne zinakuwa juu ya tuta kwa wakati mmoja, gari lote linanyanyuliwa, na kinacholiwa ni ule uvimbe mdogo kati ya tairi tu. Kwa IST ni milimita 41. Kwa Crown ni 59. Dereva atapunguza mwendo mpaka kilomita 25 au 30 kwa saa, kwa sababu akizidisha atarushwa kwenye kiti, lakini chini hakuna kinachogusa. Tuta refu linamdhibiti dereva. Fupi linaadhibu sampu, na dereva mwenye gari la juu analiruka kwa kasi ile ile.

Anayetaka kulijenga anahitaji ubao uliokatwa kama kiolezo. Kutoka katikati ya tuta, kimo kiwe milimita 100. Nusu mita pembeni kiwe 93. Mita 1 kiwe 71. Mita 1 na nusu kiwe 34. Na kwenye mita 1.85 kiishe sawa na barabara. Kingo za kushoto na kulia ziachiwe nafasi ya maji kupita mferejini, kwa sababu maji yakituama mbele ya tuta yanachimba. Shimo hilo la mbele ya tuta ndilo linalogeuza tuta halali kuwa haramu: tuta la sentimita 10 likipata mfereji wa sentimita 4 kila upande, gari linakutana na tuta la sentimita 14. Matengenezo ya tuta yaanzie hapo, kwa kujaza lami au zege kwenye mashimo ya pembeni, kabla ya kulaumu kimo chake. Na lisijengwe bila idhini. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara za taifa. Wananchi kumwaga zege usiku bila rangi wala kibao ni kumtegea mwendesha bodaboda.

Kwa upande wa uendeshaji, kosa kubwa ni kupanda tuta mguu ukiwa kwenye breki. Breki inabana springi za mbele, pua inashuka, na unapunguza uwazi pale pale unapouhitaji. Funga breki mapema, shuka mpaka gia ya kwanza au ya pili, na achia kabisa kabla tairi la mbele halijagusa tuta. Ukikagua tuta lolote lililokwanguliwa utaona mistari mingi iko upande wa kushukia. Tairi za mbele zikishuka kwa kasi springi zinabanwa kupita kiasi, na sampu au bampa vinagonga baada ya dereva kudhani amekwisha pita. Basi subiri pia tairi za nyuma zishuke ndipo uongeze mafuta.

Kwenye tuta fupi lisilokwepeka, pita kimshazari ili tairi zipande moja moja. Hii ni kwa barabara za mitaa zenye magari machache, maana utachukua upande wa mwenzako. Kuingia kwenye geti lenye mteremko ni vilevile. Na abiria wakishuka wakavuka kwa miguu, hakuna aibu: watu wanne wa kilo 70 ni kilo 280 zilizoondoka kwenye springi.

Barabara ya vumbi iliyochimbwa na malori ina tabia nyingine. Tairi za lori huacha makorongo mawili na mgongo katikati. Gari dogo likifuata makorongo hayo linalala kwa tumbo. Panda mgongo kwa tairi za upande mmoja, na za upande wa pili zipite ukingoni, mwendo wa pole, usukani umeshikwa imara. Kama mgongo una majani makavu, usiegeshe gari juu yake: bomba la egzosi na kataliti (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba hilo) vikiwa vya moto vinaweza kuwasha nyasi. Maji ni habari nyingine kabisa, kwa sababu kinachoamua pale ni kimo cha mdomo unaovuta hewa ya injini, ambao kwenye magari mengi uko nyuma ya taa au ya bampa. Gari lililoinuliwa kwa spesa linaweza kuzima katikati ya maji na kupinda konrodi (chuma kinachoshika pistoni ndani ya injini) kama lile ambalo halikuinuliwa.

Sasa tuangalie pigo linaloua injini. Ndani ya sampu, karibu na sakafu yake, kuna chujio la kunyonyea oili, na nafasi kati ya chujio na sakafu ni ndogo, kama milimita 10 hivi. Sampu ya bati ikigonga tuta haipasuki. Inabonyea kuelekea juu. Oili haivuji, dereva anaona amesalimika. Ukichomoa dipstiki inaonyesha oili imejaa, pengine imepanda kidogo, kwa kuwa nafasi imepungua. Lakini chujio limezibwa na bati, pampu inanyonya kwa shida, na taa nyekundu ya oili inawaka gari likiwa na moto au likipanda mlima. Taa hiyo ikiwaka, zima injini palepale. Wanaoongeza oili na kuendelea na safari ndio wanaokuja kununua injini. Sampu ya aluminiamu hufanya kinyume: haibonyei, inapasuka, na oili yote inamwagika ndani ya dakika chache. Kwa magari ya gia za CVT, yaani gia za kujibadili zenyewe kwa mkanda, kuna sampu ya pili, ya giaboksi, nayo ikibonyea inabana chujio na valvu zake, na matengenezo yake ni ghali kuliko ya injini ndogo. Pigo lolote lililosikika kwa sauti ya chuma linastahili gari lipandishwe stendi siku hiyo hiyo, na mabomba ya breki na ya mafuta yanayopita chini ya sakafu yakaguliwe pia. Egzosi iliyopasuka chini ya viti isiachwe eti ni kelele tu. Hewa yake yenye sumu inaingia ndani madirisha yakiwa yamefungwa.

Tukija kwenye dawa, ya kwanza ni kurudisha kile gari lilichozaliwa nacho. Wengi wanabadili shokapu wakitumaini gari litapanda. Halitapanda. Shokapu inazuia gari kudundadunda. Kinachobeba uzito ni springi. Ukiweka shokapu mpya juu ya springi zilizolala, utapata gari lililotulia na lililo chini vilevile. Springi zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, za modeli na injini ile ile, kwa kuwa springi ya gari la injini nyepesi haitabeba nzito. Pesa hiyo inaweza kurudisha milimita 10 hadi 25 bila kuharibu chochote.

Tairi lenye kipenyo kikubwa ni njia ya pili, ila faida yake ni ndogo. Kutoka 185/65R15 kwenda 195/65R15 kipenyo kinaongezeka milimita 13, na gari linapanda nusu yake, milimita 6 na nusu. Spidomita itasoma pungufu kwa asilimia 2. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote, gari likiwa na mzigo, kuona kama tairi linasugua fenda au shokapu.

Spesa tumeziacha mwisho kwa makusudi. Kwa gari dogo linalovutwa na tairi za mbele, milimita 20 hadi 25 zinavumilika, 30 ni mwisho. Ya inchi 2, yaani milimita 50, kwenye IST, Vitz au Premio ni kununua matatizo. Draivu shafti, chuma kinachopeleka nguvu kwenye tairi, inakaa kwenye pembe kali, buti za raba zinazoifunika zinachanika, grisi inatoka, vumbi linaingia, na baada ya muda unasikia tak-tak-tak ukikata kona. Gari likiondoka usukani unatetemeka. Boljointi na tairodi, yaani viungo vya tairi na vya usukani, zinafanya kazi mwisho wa uwezo wake, na tairi linabadili uelekeo kila gari linapodunda. Spesa ya mbele iliyo juu ya shokapu, ya aluminiamu au plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa mashine, ina unafuu. Zile raba zinazopachikwa katikati ya mizunguko ya springi tunashauri ziachwe: zinazuia mzunguko mmoja usifanye kazi, nguvu inahamia kwa jirani yake, na springi inakatika hapo.

Aliyeamua kuweka, amsimamie fundi kwa mambo haya. Nati za juu ya shokapu zishike uzi wote, na boliti itokeze angalau nyuzi mbili nje ya nati. Boliti za mikono yenye bushi za raba zilegezwe, kisha zikazwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake, si likiwa juu ya jeki. Hili mafundi wengi hawalifanyi. Bushi iliyokazwa tairi likining'inia inabaki imejipinda maisha yake yote, na inachanika mapema. Baada ya hapo alaimenti, yaani kupanga uelekeo wa tairi, ni lazima, maana tairi za mbele hazitakuwa tena sambamba na kashata zitalika upande mmoja. Taa nazo zipangwe: gari likiwa mita 10 kutoka ukutani, mstari wa mwanga wa chini uanguke kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe. Walioinua mbele peke yake wanawapofusha wenzao usiku. Kwa Hiace na magari ya mzigo yenye valvu ya breki iliyofungwa kwenye mhimili wa nyuma, kuinua nyuma kunaidanganya valvu kwamba gari ni tupu, ikapunguza breki za nyuma gari likiwa limejaa. Fimbo yake lazima irekebishwe.

Bamba la chuma la kukinga sampu ni zuri kwa anayekaa barabara ya mawe, unene wa milimita 2 hadi 3, likifungwa kwenye krosimemba (chuma kinene kinachokatiza chini ya injini) na kamwe si kwenye sampu yenyewe, na liwe na tundu la kumwagia oili. Mjue tu kwamba bamba linachukua milimita 10 hadi 20 za uwazi. Gari litagonga mara nyingi zaidi, ila litagongwa mahali pasipouma. Ile kava ya plastiki ya kiwandani, ambayo hutolewa wakati wa kumwaga oili na kutupwa kwenye kona ya gereji, irudishwe na klipu zake zote. Inaelekeza upepo kwenye rejeta na kuzuia matope yasifike kwenye mikanda.

Anayenunua gari lililokwisha tumika hapa nchini alale chali na tochi kabla ya kulipa. Atazame sampu kama imebonyea, imechomelewa au imepakwa gundi ya chuma. Mikunjo ya bati chini ya milango kama imelala. Bomba la egzosi kama lina viraka. Na juu ya shokapu za mbele kama kuna kipande cha aluminiamu kinachong'aa kuliko vyuma vya jirani. Kipande hicho kikiwepo, aulize ni cha milimita ngapi na kiliwekwa lini, kisha akate kona kali taratibu, kioo kikiwa wazi, asikilize shafti.

Mafundi wa chini ya gari,
Temeke, Dar es Salaam